Mabuti ya Kidoti

Jumatatu, 3 Juni

Kamanda wa zimamoto amekuja nyumbani kwetu leo! Yeye mwenyewe, na vifungo vyake vyote vinang'aa. Mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, vidole bado vimenywea kwa sabuni (anafua mashuka hospitalini). Akahangaika kutafuta kiti. Chenye miguu minne kamili ni kimoja tu, na Kidoti alikuwa amekikalia.

Habari yenyewe: mwaka huu mabuti ni ya Kidoti.

Niandike kwa utaratibu. Kila mwaka askari wa zimamoto wanachangisha pesa kwa jambo moja la hapa mtaani. Wanasimama kwenye taa za barabarani wameshika mabuti yao ya mpira, na wapita njia wanatumbukiza hela humo. Halafu mwisho wa mwezi kuna siku kubwa uwanjani: wanavuta gari la zimamoto kwa kamba, wanapanda ngazi, wanawamwagia watoto maji. Mwaka juzi walinunua vitanda vya zahanati. Mwaka jana walichimba kisima cha shule ya msingi. Mwaka huu — shingo ya mdogo wangu.

Daktari alishatueleza. Ngozi ya kovu haikui. Mtoto anakua, kovu linabaki lilivyo, linamvuta kidevu chini. Kidoti ana miaka saba. Kati ya kidevu chake na kifua panaingia vidole vyangu viwili. Januari viliingia vitatu. Daktari bingwa anakuja Julai kwa siku kumi tu, na ambaye hajalipa kufikia tarehe 5 jina lake linarukwa. Mwakani itakuwa operesheni nyingine, kubwa zaidi, na pengine isisaidie.

Mama alipiga magoti. Kamanda akamwinua, akasema, "Mama, simama, mimi si mchungaji." Tukacheka sote. Kidoti akauliza kama na yeye atapewa buti la kuvaa.

Nimefurahi mpaka tumbo linauma.

Jumatano, 5 Juni

Mpiga picha alikuja saa kumi. Picha ni ya bango. Alimsimamisha Kidoti ukutani, akamshusha gauni begani ili kovu lionekane lote, kuanzia sikioni hadi mkononi. Askari aliyeshika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga alikuwa anamfanyia Kidoti nyuso za kuchekesha. Kidoti akawa anacheka tu. Ana mapengo mawili, akicheka huwezi kujizuia.

Mpiga picha akachoka. "Asicheke! Akicheka watu hawatoi."

Askari akaacha. Kidoti bado anacheka. Mpiga picha akanigeukia mimi. "Dada mtu, mwambie kitu cha kumhuzunisha. Wewe ndiye unayemjua."

Kweli, mimi ndiye ninayemjua. Nikainama nikamnong'oneza kwamba paka wake hatarudi. Tangu nyumba iungue amekuwa akimwekea paka ukoko wa wali mlangoni, anasema alikimbia moto na sasa anatafuta njia.

Picha imetoka nzuri mno, kila mtu amesema.

Baadaye nikamwambia nilikuwa natania. Akaniuliza, utani upi? Leo hakuweka ukoko.

Ijumaa, 7 Juni

Mabango yamebandikwa. Moja liko kwenye ukuta wa shule yetu, karibu na lango. MSAIDIE AINUE KICHWA. Chini yake uso wa Kidoti, mkubwa kama mlango.

Darasani wameshanipa jina: Dada wa Bango. Mmoja wa nyuma akawa anatembea kidevu kimebanwa kifuani, mkono mmoja mbele anaombaomba: "Jamani, Plastiki anaomba nauli." Plastiki ndilo jina walilompa Kidoti. Kwa sababu ngozi yake imeyeyuka, wanasema.

Shoga yangu, ninayekaa naye dawati moja, naye alicheka. Si sana. Aliangalia kwanza kama namwangalia.

Sikulia. Nilimaliza hesabu zote na nikapata zote.

Jumatatu, 10 Juni

Kamanda amepeleka ombi shuleni. Anataka mimi nisome hotuba siku ya uwanjani, kwa sababu amesikia naandika vizuri. Dakika tano. Mbele ya watu elfu mbili!

Mwalimu wa lugha alinipongeza mbele ya darasa. Amesema atanisahihishia mwenyewe. Amenikumbusha kanuni zake: sentensi fupi, kitu kionekane kabla hakijasifiwa, na msikilizaji asiachwe na swali. Nimeandika kurasa mbili leo hii. Aya ya kwanza, Kidoti alivyokuwa kabla. Ya pili, nyumba yetu. Ya tatu, siku ya moto. Ya nne, wauguzi. Ya tano, shukrani kwa zimamoto.

Ya tatu ina mistari minne tu.

Mama aliniomba nimsomee. Nilipofika ya tatu akanyanyuka, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Alhamisi, 13 Juni

Mwalimu amenirudishia hotuba. Alama kumi na nane kwa ishirini. Amesifu aya ya kwanza. Pembeni mwa aya ya tatu ameandika kwa wino mwekundu: Msimulizi yuko wapi? Mtoto yumo ndani. Mama yuko kazini. Majirani wanapiga kelele. Na wewe? Msikilizaji atauliza.

Nimekaa chooni shuleni kipindi kizima cha jiografia.

Sijawahi kuliandika hili popote. Daftari hili nalificha chini ya mkeka, kwa hiyo naandika.

Mwaka jana, Jumamosi ya siku ya uwanjani, Mama aliingia zamu ya mchana. Akaniachia Kidoti. Kidoti akalala. Shoga yangu akaja dirishani: twende, zimamoto wanawamwagia watu maji, robo saa tu na tunarudi. Nikatoka. Nikafunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Ili asije akaamka akatoka akapotea! Kwa usalama wake. Nikachukua sarafu mbili za Mama zilizokuwa kwenye kikombe.

Tulikaa zaidi ya saa nzima.

Niliporudi mtaa wote ulikuwa mlangoni kwetu. Dereva wa gari la zimamoto, wanayemwita Afande Honi, alikuwa anatoka kwenye moshi amebeba kitu kwenye blanketi. Nguo zangu zilikuwa zinachuruzika maji. Mama alipofika akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikwenda kuchota maji. Akaniona nilivyolowa. Akaamini.

Na yeye tangu siku ile anaamini kosa ni lake. Anasema alisahau kuzima jiko la mafuta alipokwenda kazini. Labda kweli alisahau. Lakini jiko halifungi mlango.

Mimi na shoga yangu hatujawahi kulizungumza. Hata mara moja.

Nimeongeza sentensi kwenye aya ya tatu: Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji bombani. Mwalimu ameweka alama ya vema. "Sasa imekamilika," amesema.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikwenda kituo cha zimamoto baada ya kufua. Nilitaka takwimu. Mwalimu anasema namba moja ya kweli inazidi sifa kumi.

Kamanda hakuwapo. Afande Honi alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia kutoka chini kule kule. Nikamwambia mimi ndiye dada yake Kidoti, naandika hotuba, naomba kujua siku ile walitumia lita ngapi za maji.

Akajivuta akatoka. Mikono yake ina makovu kama ya Kidoti, madogo zaidi.

"Andika sifuri," akasema.

Nikadhani anatania. Nikacheka. Hakucheka.

Akanipeleka nyuma ya gari, kwenye kioo kirefu chembamba kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya tangi. Akanieleza kazi yao. Gari likirudi, kitu cha kwanza ni kujaza tangi. Kabla ya chai. Kabla ya kuvua buti. Kabla hata ya kwenda haja. Hiyo ndiyo sheria, na dereva ndiye anayeisimamia. Lakini siku ile walikuwa uwanjani, wanamwaga maji, watoto wanalipa sarafu sarafu, foleni haiishi. Maji yakafika chini ya nusu. Yeye akasema tukajaze. Kamanda akasema watoto bado wanalipa, mwageni mpaka yaishe, tutajaza tukirudi. Wakamwaga mpaka yakaisha. Dakika hiyohiyo simu ikaita.

"Tulifika kwenu tuna king'ora, tuna kofia, tuna ngazi. Maji hatuna. Nikakata kufuli, nikaingia mikono mitupu."

Alisema kufuli na kuniangalia. Mimi nikaangalia daftari.

"Mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji uwanjani siku ile," akasema. "Nakukumbuka. Ulikuwa na gauni la njano. Kila nikipeleka maji upande wa pili ulikuwa unapiga kelele: tena! tena!"

Sikuaga. Nilitoka tu.

Jumapili, 16 Juni

Maji yale yalikuwa ya kwetu.

Sina la kuandika zaidi.

Jumatano, 19 Juni

Nimewaza siku tatu. Nimeandika upya aya ya tano. Nimeeleza tangi, kioo, foleni ya watoto. Nimeandika: Gari lilifika bila maji. Sentensi tano tu, zote fupi, hakuna tusi hata moja. Nimeisoma kwa sauti kwenye kichaka nyuma ya shule na sauti haikutetemeka.

Sentensi ya kuchota maji bombani nimeiacha kama ilivyo.

Nimeona wazi ninachofanya. Nimeona, na nimenakili vizuri kwa kalamu ya wino.

Alhamisi, 20 Juni

Kamanda alinikaribisha ofisini, akaniagizia soda. Ofisi ina vikombe vya ushindi na picha za miaka yote, askari wanaokabidhi vitu: vitanda, mashine ya kisima, viti vya magurudumu. Akasoma hotuba yangu polepole. Akasifu mwandiko. "Mwandiko kama umechapwa! Wanangu wanaandika kama kuku anaparua."

Alipofika aya ya tano hakubadilika uso. Akaisoma mara mbili. Akafungua droo, akatoa faili, akatafuta ukurasa, akanisomea kwa sauti ileile ya upole: Mlango ulikutwa umefungwa kwa kufuli kwa nje. Mtoto alikutwa nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango. Hilo sikuwahi kulijua. Nilidhani alikuwa kitandani.

Akauliza, "Mama yako ameshaisoma ripoti hii?"

Nikatikisa kichwa: hapana.

"Mimi nilimzuilia. Nilimhurumia, mama wa watu. Nikajisemea, ameshapata mtoto mmoja aliyeungua, ya nini kumpa na wa pili?" Akafunga faili. "Kila mtu ana ukurasa wake, binti yangu. Mimi ninao. Wewe unao. Na mdogo wako anahitaji shingo. Watu wakisikia habari za tangi, unadhani nani atatia hela kwenye buti letu?"

Akanipa kalamu. "Futa mwenyewe. Sipendi kumharibia mtu kazi yake."

Nilifuta kwa rula. Mstari mmoja kila sentensi, kama tulivyofundishwa, ili kilichofutwa kiendelee kusomeka. Akaniambia hapana, isisomeke. Nikarudia.

Kisha akaniandikisha badala yake: Walifika kwa wakati, na maji yao yakamwokoa mdogo wangu. Nikaandika. Soda niliimaliza. Sijui kwa nini niliimaliza.

Jumamosi, 22 Juni

Leo tulikuwa kwenye taa za barabarani, makutano makubwa. Askari sita, mabuti sita. Kidoti kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mimi pembeni yake, bango nyuma yetu. Taa ikiwa nyekundu askari wanaingia kati ya magari.

Mwanamume mmoja akashusha kioo, akamwangalia Kidoti, akaangalia bango, akamwambia mkewe, "Huyu ndiye? Kwenye picha ameumia zaidi." Akatoa, lakini kidogo.

Mama mmoja mwenye miwani akashuka kabisa. Akamwambia Kidoti, "Geuka nione." Kidoti hawezi kugeuza shingo. Akanyanyuka kwenye kiti, akageuka mwili mzima, mzima, kama mtu anayepimwa nguo. "Ooh, masikini! Na upande huu?" Akageuka tena. Yule mama akafuta machozi, akatoa noti, akaomba apigwe picha akiitumbukiza.

Vijana waliokuwa wakiuza maji ya chupa pale wakaanza kulalamika: mtoto huyu anatuharibia biashara, watu wanamaliza chenji kwake. Askari mmoja akawajibu, "Basi na nyinyi jichomeni." Wakacheka wote. Kidoti alicheka pia. Hakuelewa, ila alipenda kwamba wote wanacheka.

Jioni aliniuliza, "Dada, nimefanya kazi vizuri?"

Nimemwambia vizuri sana.

Jumanne, 25 Juni

Mama alikuwa anashona gauni la siku ya uwanjani. Kwa siri, kazini, mapumziko ya chakula, wiki tatu. La bluu, mikono mirefu hadi vidoleni, na kola ndefu aliyoikunja kwa namna ambayo kidevu cha Kidoti kikikaa juu yake unadhani ndiyo mtindo. Leo kamvalisha. Kidoti akajiangalia kwenye kioo cha jirani, akazunguka. Akasema, "Nimepona!"

Kamanda akapita saa kumi na moja kuangalia maandalizi. Akalisifu gauni. Akasema mama una mikono ya dhahabu. Halafu akasema, "Ila mikono ya gauni itoke. Na kola. Watu wanatoka mbali, mama. Wasipoona hawataelewa."

Mama akasema, ndiyo, Afande.

Alipinda mgongo chini ya dirisha, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja kwa wembe. Hakukata kitambaa. Anasema baada ya operesheni ataishona tena. Kidoti alikaa mbele yake akiziokota nyuzi, anauliza kila dakika: na hii? na hii nayo itoke?

Nilitaka kumwambia Mama yote. Akanitangulia. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, siku ile ungekuwa ndani ningewazika wawili. Namshukuru Mungu nilikutuma maji."

Hakunituma maji. Sasa anakumbuka kwamba alinituma.

Ijumaa, 28 Juni

Mazoezi yamekwisha. Kamanda anasema nikifika kwenye "walifika kwa wakati" nisimame kidogo, watu wapige makofi.

Mpaka leo mabuti yametoa nusu na kitu. Nusu ya pili yote ni ya kesho. Kidoti ameoga mara mbili.

Jumamosi, 29 Juni

Saa tisa na nusu mchana. Niko kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kituo. Uwanja uko nyuma ya ukuta huu huu, spika nazisikia kama zimo humu ndani. Nimetapika kwenye ndoo ya mchanga. Kamanda kasema nikae, nipumue, wataniita wakati wa kukabidhi.

Niandike ili mikono iwe na kazi.

Nimesoma. Yote. Watu wengi sijawahi kuona. Nilisema kuchota maji bombani na sauti haikutetemeka. Nilisema walifika kwa wakati — nikasimama kidogo — wakapiga makofi. Askari wote walikuwa wima mbele ya gari. Afande Honi peke yake alikuwa ameshika mpira wa maji, foleni ya watoto imeshaanza nyuma yake. Aliniangalia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wangu alikuwa mstari wa mbele, anatikisa kichwa kwa kuridhika kila nukta.

Kisha Kamanda akampandisha Kidoti juu ya meza. Gauni la bluu bila mikono. "Mwoneni!" Akamsogezea kipaza sauti. "Nyota yetu, hebu jaribu kuinua kichwa, watu waone." Kidoti akajaribu. Kovu likajikaza likawa jeupe. Mdomo wa chini ukavutwa, ukafunguka. Akajaribu tena, kwa sababu yeye akiambiwa ajaribu anajaribu. Wanawake wakapiga kelele. Kamanda akasema, "Mara moja zaidi." Na mabuti yakaanza kupita, na watu wakawa wanasukumana kuyafikia.

Hapo ndipo nikakimbilia huku.

Sasa Kamanda anashukuru wafadhili. Duka la magodoro. Wenye malori.

Sasa — nani huyu? Si zamu ya mtu. Ni Mama.

Mama hayumo kwenye ratiba!

Anasema naomba dakika moja, Afande. Anasema hajazoea kusema mbele za watu. Watu wanampigia makofi, wanamtia moyo. Anasema, "Binti yangu mkubwa amesoma vizuri. Lakini hakusema lote. Ananificha, kwa sababu ananipenda."

Hapana. Hapana, Mama.

Anasema jiko. Anasema, "Niliacha jiko la mafuta linawaka, nikaenda kazini. Ni mimi. Nyinyi mnatoa vyenu, na mimi nakaa kimya nimevaa kitambaa kizuri. Siwezi. Nimeona niwaambie kabla hamjatoa zaidi."

Spika inakoroma tu.

Sauti ya mwanamke, karibu na ukuta: "Mama gani huyo!" Mwingine: "Amemwacha mtoto na moto?" Mwanamume: "Mimi nimetoa nauli yangu ya kurudi!" Wanazomea. Si wote. Wengi. Mtu anasema rudisheni buti hapa, nachukua changu.

Mama bado anaongea. Anasema mtoto mkubwa hana kosa, alimtuma maji. Anasema, "Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Kamanda ameingia sasa hivi. Jasho linamtoka chini ya kofia. "Mama yako anatuharibia! Twende. Useme mama amechanganyikiwa kwa uchungu, moto ulikuwa hitilafu ya umeme."

Nikamwambia, "Hatukuwa na umeme, Afande."

"Watajuaje?" Ametoka, anasema dakika moja tu.

Afande Honi amepita dirishani. Amevua glovu. Hakuingia, ameongea kupitia nondo, haraka haraka. Nikisema kufuli, yeye atasema tangi. Tutasimama pamoja, yeye na mimi, jukwaani. Hatanitaja mpaka mimi nijitaje.

Nikamwuliza, "Na hela?"

Akarudia: tutasimama pamoja. Nikamwuliza tena, na hela ya shingo? Akaangalia uwanjani. Kule kwenye foleni watoto wanamwita, Afande, maji, maji!

Tarehe 5 ni Ijumaa.

Kidoti yuko kwenye kipaza sauti. Kwa nini wamemwachia? Anauliza, "Mama, wanamzomea nani?" Kuna wanaocheka.

Mama haongei tena. Sijui kama ameshuka au amesimama tu.

Kamanda anagonga. Nimesema naja, nafunga kamba za viatu. Anauliza bado? Nimesema bado moja.

Viatu vyangu havina kamba.